Kondoo wa Mafuta Ndani ya Hodhi

Mburu alipookota karatasi yenye nyumba ya mzungu, alilia mbele ya watu bila aibu. Kampuni yao ya kununua mashamba iligawa shamba zima la upande wa Moiben kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia. Wenzake waliokota mawe na vinamasi. Yeye akapata vyumba sita na hodhi jeupe la chuma, la mtu kulala ndani akioga. Sharti lilikuwa moja tu: anayehama, nyumba yake inarudi kofiani.

Siku ya kusherehekea, mvua iliwahi. Wanaume walikuwa na ngoima, kondoo aliyefungiwa ndani na kulishwa majani ya viazi hadi mafuta yakamshinda kubeba, na hakuna aliyetaka kulowa.

"Mchinjieni kwa hodhi!" Mburu akaamuru. "Si kuna mfereji? Haya ndiyo maendeleo."

Mkewe Warigia, mwalimu wa darasa la tatu, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akiwatazama wazee wa kanisa wakiteleza kwenye damu, mikono imezama mafutani hadi viwikoni, wakipongezana. Yote yalisukumwa kwenye tundu la hodhi kwa ndoo za maji: damu, manyoya, mavi ya utumbo.

Siku ya tatu, mabomba yakaanza kelele.

Kila saa sita mchana, Warigia akimvua Nyakio nguo amwogeshe, bomba lililo chini ya hodhi lilimeza. Gluku. Likatulia. Gluku. Kisha likacheua, na pumzi iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu, kama ya mtu aliyekula nyama akalala mdomo wazi. Nyakio, wa miezi mitano, alicheka akalinyooshea tundu mikono.

"Ni hewa tu," Mburu alisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma neno hilo mahali.

Jepkemboi, aliyekuwa mtumishi wa yule mzungu na sasa akiwaletea maziwa, alichungulia bafuni akarudi nyuma.

"Mmechinjia hapa?" akanong'ona.

"Wazee wamechinjia."

"Memsahibu, yule mama mzungu, hakukubali hata supu imwagwe hapa. Maji peke yake. Na kila Jumapili kikombe kimoja cha maziwa ya moto kidogo."

"Ya nini?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa mtu wa kuandikwa. Nilimwaga, sikuuliza."

Kesho yake Musimbi, fundi wa mabomba kutoka Eldoret, alifika na spana zake na mdomo wake.

"Mama, nyinyi watu wa ngoima mtatutajirisha! Hapa natoa sufuria nzima ya mafuta, mkaange viazi."

Alilala kifudifudi akafungua kona ya bomba. Warigia alikuwa ameshaziba pua.

Mafuta hayakuwepo. Hata unyoya mmoja. Bomba lilikuwa safi kama sahani iliyorambwa. Musimbi akaingiza kidole, na mzaha ukamtoka usoni.

"Kinanyonywa," akasema polepole.

Akavuta. Akakanyaga ukuta, akavuta tena. Kidole kilipotoka kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha maiti ya mtoni. Ukucha haukuwepo. Damu haikutoka hata tone. Musimbi aliinuka akatapika ndani ya hodhi. Bomba lilikuwa limeachana na tundu, na matapishi yalipaswa kumwagika chini. Tundu likameza. Sakafu ilibaki kavu.

Jioni Warigia alimweleza mumewe yote.

"Tuhame?" Mburu alishangaa. "Nikitoka leo, kesho Kiarie, aliyeokota kinamasi, ameingia na kuku wake!"

"Basi kaa na nyumba. Mimi nina mtoto."

"Mama Nyakio, tafadhali. Nitaliziba tundu. Likilia tena, nenda."

Akaliziba kwa simiti nzito, akaisawazisha kwa kijiko. Siku tatu kimya. Mburu akaanza tena kupiga mluzi.

Siku ya nne, mchana kweupe, Warigia alikuwa kitandani akimnyonyesha Nyakio. Mtoto akameza. Gluku. Nyuma ya ukuta, gluku. Mtoto akameza tena. Gluku. Ukuta ukajibu. Warigia akamtoa mtoto titini. Nyakio akatulia.

Kule kukaendelea.

Akajitazama. Titi lilikuwa linanywea. Hakuna tone lililoanguka. Chuchu ilikuwa imevutwa upande, kuelekea bafuni, na hakuna aliyeishika.

Hakufunga hata mzigo. Alimbeba mtoto hadi barabara kuu, akapanda lori la mahindi, akafika kwa dada yake Muthoni mjini kabla ya chai ya saa kumi. Mburu alibaki kulinda karatasi yake.

Alilinda siku moja. Saa sita iliyofuata alisimama mlangoni kwa Muthoni bila kofia, bila viatu, nyumba ameiacha wazi.

"Kiarie aichukue," alisema. Akaweka mezani kitu alichokifunga kwa gazeti.

Lilikuwa lile pande la simiti, zima, duara kama tundu.

"Nimelikuta katikati ya hodhi," akanong'ona. "Limetemwa."

Upande wa chini kulikuwa na meno manne. Madogo. Ya utotoni. Yalikuwa yameng'ata simiti yakabaki humo.

Warigia alimshika Nyakio, akamfungua mdomo, akapitisha kidole kotekote. Fizi tupu. Hakuna hata jino moja lililoanza kuota.

Simiti ilikuwa imekauka siku nne sasa. Mate yaliyoizunguka yalikuwa bado yanavutika.