Mzigo Uliofungwa na Mwingine

Upepo wa mwezi wa nane ukivuma Singida, haupigi hodi. Unaingia na vumbi lake na unakaa. Asubuhi hiyo Alute alikuwa uani kwake, Mwankoko, akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Kila kichwa alikipa mwenyewe, mkubwa mmoja wa serikali.

"Hiki cha wa barabara. Hiki cha wa maji. Hiki cha wa gari la wagonjwa."

Cha gari la wagonjwa alikipiga mara tatu.

Miaka sita nyuma, mkewe Martha alishikwa na uchungu wa kuzaa, na uzazi ukaharibika. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Wakubwa walikuwa kwenye semina. Martha alifia juu ya mkokoteni wa ng'ombe kabla hawajaifikia lami, na mtoto hakubaki. Tangu siku ile Alute hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye muhuri mezani.

"Baba, unapiga alizeti au unapiga serikali?" Jenifa aliuliza kutoka mlangoni.

"Alizeti ina mbegu ndani. Wale ni maganda matupu."

Jenifa alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa Alute. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Uchina, asomee uchimbaji wa visima. Pasi ilikuwa tayari. Viza ilikuwa tayari. Zilibaki siku kumi na mbili aondoke.

Alute alifurahi kwa namna yake. Yaani alinuna zaidi. Usiku alilala macho juu. Mtoto mmoja, nchi kubwa namna ile, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Dodoma.

Saa nne gari jeupe lilisimama mbele ya uzio. Akashuka dereva, Peniel, kijana mpole wa kule Shelui. Mikononi alibeba furushi la ukubwa wa mtoto mchanga, limeshonwa kwa uzi mweusi pande zote nne.

"Shikamoo mzee. Nimetumwa na Mheshimiwa Simoni."

Simoni alikuwa mkubwa katika ofisi moja pale mjini. Ofisi yenyewe tuiache. Yeye ndiye aliyesaini barua ya kumtambulisha Jenifa wakati wa kuomba masomo. Aliisaini baada ya Alute kukaa kwenye benchi lake siku nne.

"Anasema huu ni unga wa ulezi na dawa kidogo za mizizi," alisema Peniel. "Ni wa mpwa wake, Ezekieli, anayeishi Uchina. Atampokea binti uwanja wa ndege. Anasema ahsante sana."

Sasa mtazame Alute. Yule aliyekuwa anawachapa wakubwa kwa fimbo tangu alfajiri aliiweka fimbo chini. Alijifuta mikono kwenye suruali. Akalipokea furushi kwa mikono miwili, na goti likakunjika kidogo.

"Mwambie Mheshimiwa hakuna shida. Mwambie amefanya vizuri kutukumbuka."

Gari lilipoondoka, alitema mate chini. Lakini furushi alilipeleka ndani taratibu, kama yai.

Ndiyo desturi ya watu wa kwetu. Msafiri ni mkokoteni wa wote. Anayesafiri huletewa mizigo, naye huibeba. Mzigo ukishashonwa haufunguliwi. Ukiufungua umemwambia mwenyewe kwamba ni mwizi, au ni mchawi. Familia zimeacha kuzikana kwa ajili ya uzi uliokatwa.

Jioni mkeka chumbani ulikuwa umejaa. Shangazi Catherine alileta kuku aliyekaushwa kwa moshi, na furushi lililoshonwa kwa kitenge. Mchungaji alileta bahasha. Mama mmoja alileta mbegu za maboga, Jenifa akazipande huko. Na furushi la Simoni lilikaa katikati, kama bwana harusi.

Ndipo alipoingia Elizabeti, jirani wa nyumba ya pili. Watu walimwita Mama Raymond. Alikuja kusaidia kupanga begi, maana mwanawe alikwisha kwenda nchi ile ile. Watu hawakumuuliza sana habari za Raymond. Walijua kuna jambo, wakalizunguka kama wanavyozunguka shimo.

"Shikamoo mama," alisema Jenifa.

"Marahaba mwanangu. Chanjo ya homa ya manjano umechoma lini?"

"Bado. Tutachoma Dar, siku ile ile ya ndege."

"Umechelewa hujaanza safari! Ukichoma leo, kadi haihesabiki mpaka zipite siku kumi. Ndege itapita nchi nyingine, na hujui nani ataiulizia. Kesho asubuhi uende hospitali ya mkoa, wakwambie inachomwa wapi. Kesho, si keshokutwa."

"Kwa nini hawakutuambia?" Alute alifoka. "Makaratasi yote yale, hakuna aliyefungua mdomo!"

"Baba Jenifa, ulaumu baadaye. Sasa andika. Dawa ya pumu?"

"Ipo mama," Jenifa alionyesha kikopo cha kuvuta, na kikaratasi cha unga wa kahawia. "Na hii ya bibi."

"Hicho kikopo kibaki ndani ya boksi lake, pamoja na barua ya daktari. Hiyo ya bibi iache nyumbani. Unga usio na jina hausafiri. Pasi itolewe nakala tatu. Moja kwenye begi dogo, moja kwa baba yako, moja kwenye simu. Pasi yenyewe usimpe mtu akutunzie, hata akikuita dada. Namba ya ubalozi wetu uiandike kwenye daftari. Simu huzimika, daftari halizimiki. Kuku huyu hapiti."

"Kuku wa watu!" Alute alishangaa. "Mheshimiwa kuku wa Singida azuiwe?"

"Nyama haiingii. Mbegu pia haziingii. Wale wa uwanja wa ndege watavitupa mbele ya macho yako, na huenda wakakutoza. Tumleni hapa hapa."

Jenifa akacheka. Mama Raymond hakucheka. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye furushi.

"Na huu?"

"Ulezi," alijibu Alute upesi. "Wa Mheshimiwa Simoni."

"Umeuona?"

"Umeshonwa, mama. Ningeuonaje?"

Mama Raymond alikaa chini kwenye mkeka.

"Raymond alibeba kopo la maziwa ya unga," alisema. "La mtu tunayemheshimu. Kopo limezibwa vizuri, na mfuko umeshonwa. Tulimwambia sisi wenyewe, mwanangu usifungue cha mtu. Tulimfundisha adabu. Chini ya maziwa kulikuwa na madawa ya kulevya. Walimpa miaka kumi na tano. Amemaliza minne. Mwenye kopo bado anakaa mstari wa mbele kwenye harusi za watu, na mimi nikipita ananipungia mkono."



"Nchi ile kwa jambo hilo haina mchezo," aliendelea. "Wengine huhukumiwa kifo. Hawaulizi nani alikutuma. Wanauliza begi la nani. Likiwa na jina lako, kilichomo ni chako."

"Lakini huyu ndiye aliyesaini barua," alisema Alute. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikimkatalia, akainua simu tu, mtoto haendi."

"Na ukikubali, huenda akaenda asirudi."

Alute alitoka nje akasimama karibu na kaburi la mkewe, nyuma ya mihogo. Alikumbuka siku ile ya mafuta. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akaambiwa asubiri wakubwa watoke semina. Akasubiri. Hakupiga kelele. Hakuvunja hata kioo. Alisema "ndiyo mzee" mara nyingi sana. Fimbo na alizeti vilikuja baadaye, wakati wa kusikilizwa ulipokuwa umepita.

Alirudi ndani akampigia Peniel simu.

"Mwambie mkubwa wako mizigo yote ya Jenifa tunaifungua kesho saa tano, uani, mbele ya watu. Wenye mizigo wote waje. Na yeye pia. Asiyetaka kufunguliwa, aje achukue chake."

"Mzee," Peniel alisema, "nikamwambie maneno hayo mimi?"

"Yaseme kama yalivyo. Matusi nitaongeza mimi akija."

Kesho yake Jenifa alidamka kwenda kuchoma chanjo, na saa tano alikuwa amerudi na kadi ya manjano. Mkeka ulitandikwa uani. Wa kwanza kufunguliwa alikuwa Shangazi Catherine, naye alivimba kama chura.

"Yaani mimi, kaka! Mimi niliyembeba huyu mgongoni! Leo natafutwa uchawi ndani ya kitenge?"

"Hakuna anayekutafuta, shangazi," alisema Jenifa. "Huko nitaulizwa kuna nini ndani. Nataka nijue cha kujibu."

Catherine alinung'unika, lakini akakata uzi kwa meno yake mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitenge kingine na sweta zito la sufu. Sweta lilipangwa juu kabisa, maana mji aendako Jenifa maji huganda njiani. Mchungaji alifungua bahasha yake bila kuombwa. Ilikuwa na barua na picha ya kwaya.

Gari jeupe likafika. Simoni alishuka mwenyewe, tumbo mbele, miwani mkononi. Alute aliinuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia unataka kunipekua."

Wembe ulikuwa mkononi mwa Alute.

"Mizigo yote imefunguliwa, mzee. Umebaki wako."

"Unanilinganisha na nani?"

"Na dada yangu. Na mchungaji."

Mtu mmoja aliguna nyuma. Simoni alivaa miwani.

"Alute, umesahau ulikaa kwenye benchi la nani? Ile barua niliisaini kwa mkono huu. Mkono huu unaweza pia kuandika nyingine."

Hapo Alute alikaribia kuuweka wembe chini. Alimtazama binti yake. Jenifa alikuwa ameikumbatia kadi ya chanjo kifuani kwa mikono yote miwili.

Mama Raymond akasema kwa upole, "Mheshimiwa, barua ile ilishamaliza kazi yake. Chuo kimekubali na viza imeshagongwa kwenye pasi."

"Sikuongea na wewe, mama."

"Ongea na mimi basi," alisema Alute. "Mzee, mke wangu alikufa nikiwa nasema ndiyo. Nilisema ndiyo mpaka akapoa. Huyu simpotezi kwa adabu. Nikate uzi, au uuchukue mzigo wako?"

Simoni alitazama watu mmoja mmoja, kama anayeandika majina. Kisha akainama mwenyewe, akalichukua furushi lake. Halikukatwa hata uzi mmoja.

"Nitampata mwenye shukrani," alisema, na mlango wa gari ukabamizwa.

Jenifa aliuliza, "Kwani kulikuwa na nini?"

"Kifungo!" alisema Alute. "Kulikuwa na kifungo!"

"Hatujui," alisema Mama Raymond. "Huenda ni ulezi mtupu. Tusimsingizie mtu kwa tusichokiona. Lakini usichokijua usikibebe. Anayekutuma akiwa mkubwa, usikibebe. Akiwa ndugu, usikibebe. Kama ni ulezi wa kweli, posta ipo."

Jambo lile halikupita bure. Wiki hiyo hiyo waliosalimia kwa mbali wakawa wengi kuliko waliosalimia kwa karibu. Walisema Alute hana shukrani. Orodha ya mbolea ya ruzuku ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Aliisoma mara mbili kwa kidole, akaenda zake. Nani wa kumlalamikia? Wale wale.

Siku ya kumi na mbili Jenifa alipanda basi la Dar. Begi alilipanga mwenyewe, akalifunga mwenyewe, na ufunguo akauvaa shingoni.

Siku tatu Alute hakula vizuri. Siku ya nne, mchana, simu ililia. Mama Raymond alikuwa uani naye.

"Baba, nimefika!"

"Umepita?"

"Nimepita. Lakini walinivuta pembeni. Mbwa alilinusa begi. Wakatoa kila kitu, mpaka soksi. Nikawatajia kimoja kimoja kabla hawajakitoa. Sweta la shangazi, dawa yangu na barua ya daktari, picha ya kwaya. Wakagonga muhuri. Na yule Ezekieli sikumwona, nimepokelewa na watu wa chuo."

Alute alikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Mama Raymond akaomba simu.

"Mwanangu, walikuuliza nini?"

"Waliuliza nani kafunga begi. Nikasema nimefunga mwenyewe, vyote vilivyomo navijua."



"Na Raymond aliulizwa hivyo," alisema Mama Raymond. "Akajibu hivyo hivyo. Imeandikwa kwenye karatasi za kesi. Aliona aibu kusema amebeba mzigo wa mkubwa bila kuufungua. Neno lilelile, Jenifa. Wewe umepita nalo kwa kuwa ni kweli."

Simu ilikoroma. Halafu sauti ya Jenifa ikasikika tena, ndogo, kutoka mbali.

"Mama, yuko gereza la mji gani?"

"Mbali na wewe. Niliambiwa ni siku mbili kwa treni. Nchi hiyo haina mwisho, mwanangu."

"Nitauliza ubalozini kama wanaruhusu mtu kumwona. Wakikataa, nitauliza kama barua inafika. Nitajie mji."

Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Mama Raymond jina la mji ule. Alifumba macho, akalitaja herufi moja moja, taratibu, asikosee hata moja. Na kule mbali Jenifa alikuwa anaandika.