Maswali Matatu kwenye Mto Mkavu

Dumu la maji halikuwepo. Fundi alitazama nyuma ya viti, akatazama kwenye buti, akainua hata turubai, ingawa alijua dumu la lita ishirini halijifichi chini ya turubai. Gari lilikuwa limezimika katikati ya uwanda wa miiba na kokoto. Fenibelti, ule mkanda wa injini, ilikatika; Fundi, mshona nguo, akaishona kwa uzi wa jinzi kama alivyoshona suruali za mtaa mzima, ikashika mita mia mbili, ikakatika tena. Simu haikuwa na mtandao.

"Mwalimu, dumu liko wapi?"

"Nimelishusha asubuhi," mumewe alijibu kwa fahari. "Si tulikuwa tumefika?"

Asubuhi walikuwa bado uani kwao. Fundi alitaka kupiga kelele, akajikuta anacheka, na machozi yanamlengalenga. Kosa lilikuwa lake. Tangu lini mtu akamwacha Mwalimu peke yake na mizigo?

Mzee huyu alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Sasa majina yalikuwa yanamtoka moja moja: kwanza miji mikuu, kisha majirani, na miezi miwili iliyopita, jina la mkewe. Fundi alikuwa amechoka, kuchoka kwa mtu anayelala jicho moja wazi asije mumewe akafungua mlango na kupotea. Alikuwa anampeleka kwa binti yao, amwache huko, arudi peke yake. Hilo hakuwa amemwambia.

Walikuwa na nusu chupa ya maji. Walikotoka kulikuwa na kilomita hamsini za jua. Fundi alimshika mkono waanze kurudi, lakini Mwalimu aligoma, ametazama upande mwingine.

"Ile miti iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ile ya darasani. "Kwa nini iko pale? Inawahusu watu vipi?"

Maswali hayo matatu Fundi aliyajua kuliko sala zake. Ndiyo yaliyofungua kila kipindi, na jioni mumewe aliyarudia mezani, na Fundi akimtania kwamba analipwa mshahara kwa kukariri milima. Sasa alikaza macho. Uwanda wote ulikuwa vichaka vikavu, ila kule mbali mstari mmoja wa miti mibichi ulipita ukipinda kama mshono wa mwanafunzi.

Kumfuata mtu aliyevaa viatu kinyume asubuhi hiyo! Mfa maji haachi kutapatapa, Fundi aliwaza, na huku hata maji yenyewe hayapo. Akafunga mtandio wake kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, ncha ya pili kwenye mkono wake, wakaacha barabara.

Walitembea kwa saa tatu. Mwiba ulipenya ndala ya Fundi, akauchomoa kwa sindano aliyokuwa nayo kolani. Mwalimu aliteleza kwenye kokoto, goti likachanika. Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, kimoja kimoja, na Fundi mara mbili alijifanya amekunywa.

Chini ya miti hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga mweupe, basi. Fundi alikaa chini akalia waziwazi.

"Mto umekauka, mume wangu. Nimekuleta kufa."

"Haujakauka. Umejificha." Mwalimu alimvuta kwa mtandio hadi penye kona, akapiga ukingo wa nje kwa kisigino. "Mto unapokata kona, maji yanagonga huku, yanachimba. Penye kina ndipo yanapobaki mwisho. Chimba."

Fundi alichimba kwa kifuniko cha gurudumu alichokibandua garini na kumvika mzee kama kofia ya jua. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, mchanga ukawa wa kahawia. Lilipofika bega, ukaanza kulia maji. Alifungua mtandio, akayachuja, akamnywesha mumewe kwanza, kisha akanywa hadi akakohoa.

"Kumbe ndiyo jiografia hii?" alisema akimwosha goti. "Mimi nilidhani ni majina."

"Majina ni vibandiko. Yakibanduka, kitu kiko palepale. Kazi ni kuuliza kwa nini kiko pale, na sisi tutaishi nacho vipi." Akatazama shimo kwa mshangao. "Nani kachimba?"

"Wewe, Mwalimu. Sasa swali la tatu: maji haya yanawahusu akina nani?"

"Wenye kiu," alijibu, akionyesha nyayo za punda zilizokuja hadi kwenye kona. "Tukae. Watakuja."

Fundi alifunga tena mtandio, mkono kwa mkono. Jua lilipoanza kulegea, mwanamke mchota maji alitokea na punda wawili. Alipowaona alitupa fimbo, akawakimbilia.

"Poleni jamani! Babu, huyu ni bibi yako?"

Mwalimu alimgeukia mkewe.

"Jina limebanduka," alisema taratibu. "Lakini mahali pake napajua." Akainua mikono yao iliyofungwa pamoja. "Ni hapa. Kwa nini hapa, ndiyo sielewi. Ningekuwa yeye, ningeshaondoka."

Fundi aliinamisha uso begani kwake, akakaa hivyo mpaka punda wakamaliza kunywa.

Walimfuata mwanamke yule, na kwenye kilima cha kwanza simu ilishika mtandao. Fundi akampigia binti yao, aliyekuwa analia kwa kuwangoja. Alishamtandikia baba kitanda kidogo cha chumba cha uani tangu mchana.

"Tandua hicho, mwanangu," Fundi alisema. "Tandika kikubwa. Tunakuja wawili, na tutaondoka wawili."