Nyumba Iliyogoma Kunyooka

Dalali aliikataa picha kwa mara ya tatu siku hiyo, saa kumi na moja jioni, na safari hii hata salamu hakutoa.

"Nyumba yako imelala chali," alisema kwenye simu. "Nani atanunua nyumba inayotazama mawingu? Nenda kapige tena. Na inyooke."

Mpiga picha, ambaye wenzake walimwita Mistari kwa kuwa hawezi kupita kwenye fremu iliyokaa upande bila kuisogeza, alibeba kamera yake huku akisonya. Kosa halikuwa lake. Mtaa ule ulikuwa mwembamba na nyumba ni ya ghorofa. Ukitaka iingie yote, lazima utumie lenzi pana na uinue kamera juu. Na ukiinua tu, kuta zinaanza kuegemeana kule juu kama walevi wawili. Dalali alishaelezwa hayo mara tatu, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Alifika jua likizama. Nyumba ilikuwa tupu, mlango una kufuli, dirisha la juu liko wazi. Harufu ya chokaa mbichi ikampiga puani, na nyumba yenyewe haijapakwa chochote kwa miaka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani. Akainua kamera.

Kacha.

Kule dirishani kitu kilisogea.

"Usiinyooshe..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kunong'ona. Mistari akashusha kamera. Hapakuwa na mtu.

"Hata mashetani sasa yananifundisha kazi," alisema kwa sauti ili ajipe moyo, lakini miguu yake ilikwisha kuamua kuondoka.

Nyumbani aliishi na mama yake. Mama alikuwa amepinda mgongo kiasi kwamba akikaribisha wageni aliwasalimia magoti. Mwenyewe aligeuza kuwa mzaha. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alizoea kusema. "Mimi nimeinama miaka ishirini na cha uvunguni sijakiona." Mistari alikuwa akicheka naye, kisha anaingia chumbani na kununa peke yake. Alikuwa amemzungusha kwa madaktari mpaka wakamchoka. Haja yake maishani ilikuwa moja tu: amwone mama amesimama.

Saa mbili usiku alifungua picha kwenye kompyuta. Kuta zimelala vilevile. Akaanza kuzinyoosha taratibu, huku akimlaani dalali kwa kila neno alilolijua. Akafika thelathini kwa mia.

Ko.

Sauti ilitoka chumba cha mama, kama mtu anayevuta vidole vyake mpaka vilie.

"Mama?"

"Mgongo umeachia, baba. Sijui nini... umeachia."

Akatokea mlangoni ameshika ukuta. Macho yake yalikuwa usawa wa kifua cha mwanawe. Mistari alicheka, machozi yakamtoka. Hakuunganisha mambo, nani angeunganisha? Akamkalisha, akarudi kwenye kazi yake, akasukuma mpaka tisini. Nyumba ikasimama vizuri. Akaituma kwa dalali saa ileile, amalizane naye.

Ko. Ko. Ko.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mrefu. Mistari alikuwa amesahau kwamba mama yake ni mrefu. Akamkumbatia, na mwili wake ulikuwa wa baridi, unanuka chokaa mbichi.

"Nyumba hiyo umeitoa wapi?" mama alinong'ona.

"Ya dalali. Unaijua?"

"Nilipika pale wakati inajengwa. Ukuta wa juu ulikuwa hausimami. Kila wakiujenga, unainama. Siku moja mwenye nyumba akaniita, akanipima kwa uzi, unyayo mpaka utosi. Nikadhani anataka kunishonea sare." Akaunyooshea kidole ukuta wa juu kwenye picha. "Uzi ule ulizikwa ukutani, mwanangu. Ukuta ukasimama. Mimi nikaanza kuinama."

Mistari akaivuta picha, akaliangalia dirisha kwa karibu. Palikuwa na mwanamke aliyebakiza kidogo tu kunyooka, kitambaa cha kijani kichwani. Kitambaa kile kile alichojifunga mama usiku huu. Kumbe alipoinyoosha picha alikuwa akimnyoosha na yeye.

Ndipo masikio yalipomfunguka. Kule mtaani hakuambiwa "usiinyooshe". Aliambiwa "usininyooshe". Na sauti ile aliijua tangu yuko tumboni.

"Nikiimaliza je?" aliuliza.

"Mtu hanyooshwi kabisa akiwa mzima, baba. Ananyooshwa siku moja tu."

Basi ataiacha hapo hapo, kwenye tisini, na dalali atafute fundi mwingine wa kumsumbua. Alikuwa akitafuta namba yake aliposikia simu ikiita mkononi.

"Leo umejitahidi," dalali alisema. "Ilibaki kidogo tu. Nimeimalizia mwenyewe hapa kwenye simu, sasa imenyooka kama rula."

"Irudishe."

"Nini?"

"Nakuomba, bwana wangu... irudishe kama ilivyokuwa."

"Nirudishe nini, nimeshaitawanya kwa wateja wote."

Ko.

Mistari hakutaka kugeuka. Aligeuka.

Mama alikuwa sakafuni, chali, visigino pamoja, mikono ubavuni. Wanawake waliokuja kumwosha walisema hawajawahi kupokea maiti ambaye hana kiungo cha kunyoosha. Walisema hivyo kwa kumsifu marehemu, na Mistari akatoka nje asiwasikie.

Wiki haikuisha, dalali akapiga tena. Hakutoa pole, pengine hakuwa na habari.

"Picha nzuri, wateja wanaipenda. Ila kuna mwanamke dirishani, amesimama wima, anawatisha watu. Mfute."

Mistari alifungua kwenye kompyuta picha ile iliyomaliziwa na dalali. Kweli alikuwepo, kitambaa cha kijani, kichwa juu, mrefu kama alivyokuwa zamani. Alikuwa amepanua mdomo, na alichokuwa akisema kilikuwa neno moja tu, lakini picha ililikamata katikati.

Kufuta ni kazi ya dakika moja. Mwezi wa pili huu anaianza kila jioni, na bado hajajua mama anamwambia "nifute" au "usinifute".