Bundi Aliyelia Damu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Samiha wa darasa la sita hufagia darasa lao huko Micheweni, Pemba. Jumatatu moja, wenzake walipoingia tu, mmoja alipiga ukelele. "Jamani, bundi analia damu!"

Bundi mwenyewe alikuwa wa picha. Mwalimu Conchesta, mgeni kutoka bara, alikuwa ameitundika ukutani akawaeleza kwamba Wajapani huchonga ndege kwenye ubao, wakaupaka wino, kisha wakagandamiza karatasi juu yake. Bundi huyo alikaa kwenye tawi chini ya mwezi mwekundu. Sasa wekundu wa mwezi ulikuwa umemtiririkia machoni.

Samiha alijua sababu, akaificha. Ndiye aliyeifuta picha vumbi kwa kitambaa kilicholowa ili asifiwe kwa usafi, na mwalimu alikwisha kuwakataza kuitia maji.

Kufikia adhuhuri maneno yalikuwa yamefika kila nyumba. Nani asiyejua kwamba bundi ni ndege wa nuksi? Kesho yake wanafunzi tisa hawakuja. Jumatano, Rahila, mdogo wake Samiha wa miaka minne, akashikwa na homa. Kufikia alasiri alikuwa hamtambui hata mama yake.

"Mama, tumpeleke hospitali," Samiha alisihi.

"Huu si ugonjwa wa hospitali," alijibu mama yake, Bi Asya. "Kwani weye hukusikia? Bundi wa skuli kashalia damu. Nshamwita mganga, yuko njiani."

Mara Rahila akakakamaa, macho yakageuka meupe. Samiha aliogopa bakora, lakini kaburi aliliogopa zaidi.

"Mama, si damu! Ni wino! Miye ndiye niliyeitia maji ile picha, nikaficha!"

Bi Asya alimkodolea macho. Kisha akambeba Rahila mgongoni kwa kanga, akatoka mbio bila viatu kuelekea hospitali.

Daktari alipima, akakuta malaria kali. "Mngengoja hadi magharibi," alisema, "tungekuwa tunasema mengine."

Rahila alipopata nafuu, Samiha alisimama mbele ya darasa akaeleza yote huku analia. Bi Asya alikuwapo.

"Na miye nimekosa," alisema. "Homa haingoji mganga."

Mwalimu Conchesta alimfuta Samiha machozi.

"Kuharibu picha ni bahati mbaya, mwanangu, ningekusamehe siku ileile," alisema. "Ila ulipoficha, nusura tumzike mtoto. Ukikosa, sema mapema."