Jicho Lisilofumba

Asubuhi hiyo kule Wamaza, Mathilde alisali na mama yake, akafagia uwanja, kisha akaketi kunywa uji kabla ya kwenda shule ya misioni. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo.

"Ona mutoto mukubwa, anatema kama wa kunyonya!" kaka yake Octave alicheka.

Mathilde alitaka kumjibu, lakini mdomo ulikwenda upande. Jicho la kushoto likakataa kufumba. Kicheko cha Octave kikakatika.

"Ni ukoma," Mama Cécilia alinong'ona.

Mwaka uliopita waganga wa serikali waliwapanga watu mstari kuwapima, wakamkuta jirani yao aliyepinda uso ana ukoma. Alipelekwa kambi ya wakoma, hajarudi. Na leo waganga walikuwa wamekuja tena.

"Kimbia shamba la pamba, ujifiche kibandani!" mama alimwamuru.

Mathilde alikaa humo peke yake. Vumbi liliingia jichoni, likawa jekundu, likawaka kama limetiwa pilipili. Baadaye mama alikuja na Shangazi Emilienne, aliyeshika wembe na unga mweusi wa dawa.

"Tutachanja shavu," shangazi alisema, "halafu tutakamulia majani ndani ya jicho."

"Mama," Mathilde alilia, "jicho hili linaona ukungu. Afadhali wanipeleke kambini ningali naona!"

Mama aliutazama wembe. Akafanya ishara ya msalaba, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zahanati kwa wale waganga wa serikali.

Mganga Asani, mtu wa mji wa Kasongo, alimfunika Mathilde macho kwa kitambaa, akachukua kipande cha pamba.

"Nimegusa wapi?"

"Shavuni."

"Na sasa?"

"Kidevuni."

"Sasa?"

Mathilde aliinua uso, akingoja mguso. Mama alibana rozari hata vidole vikamuuma.

"Hujagusa, Baba."

"Kweli, sijagusa!" Asani alitabasamu. "Mama, pole na woga. Ukoma unaua ngozi, haisikii kitu. Huyu anasikia hata pamba. Mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Wengi wanapona."

"Tumuchanje?"

"Hapana! Wembe utaleta kidonda tu. Na majani yataharibu jicho. Mupake mafuta haya ya jicho, na akilala mulifunike kwa kitambaa safi. Shavu, mulikande kwa maji ya moto kidogo, mulisugue polepole. Naye ajaribu kupuliza, kukunja uso. Ikikawia kupona, daktari wa Kasongo ataamua: sindano za vitamini, ama mashine ya umeme ya kuamsha misuli."

Kila asubuhi Octave alikunja uso mbele ya dada yake, naye akamwiga. "Leo umenishinda kwa sura mbaya!" alimtania. Ukungu uliondoka kwanza. Shavu lilikawia, hata mama akaanza kufunga mzigo wa safari ya Kasongo. Ndipo siku moja jicho likafumba.

Jumapili, baada ya misa, Mama Cécilia aliwaambia wanawake:

"Niliogopa jina la ugonjwa, nikawa karibu kupoteza jicho la mutoto wangu. Mungu alinihurumia. Mukiona mutoto amebadilika, musimufiche. Mumupeleke apimwe siku ileile."

Kisha akamvuta Mathilde mbele, wote wamwone.