Kuvu Chini ya Kitanda cha Mzazi

Mimi ni seremala, na sina subira na mbao iliyooza. Mdogo wangu aliponiita jioni ile akisema sakafu ya chumba chake inabonyea, nilibeba mtaimbo na msumeno, nikaenda nikilalamika njia nzima. Alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Shemeji, mumewe, alikuwa safarini, na mle ndani alibaki naye mama mkwe tu, bibi asiye na maneno mengi.

"Kaka, harufu hiyo..." alininong'oneza.

Harufu ya uyoga na udongo mbichi. Nikasogeza kitanda, nikang'oa ubao wa kwanza.

Lahaula!

Kuvu nyeupe ilikuwa imetanda kama pamba, na nyuzi zake nene kama kidole. Sasa, kuvu haili mbao kavu. Lazima inywe. Fundi wa kweli hutafuta maji kwanza. Nikakagua bomba: kavu. Paa: zima. Ukuta: mkavu. Lakini mbao zilikuwa zinachuruzika!

Magharibi, bibi akaingia na jagi la maji. Akainama penye ufa, akamimina taratibu.

Chini kukasikika mtu akimeza.

Gu... gu... gu...

"Mama! Unafanya nini?"

"Namnywesha," akanong'ona. "Mama mkwe wangu alinikabidhi kazi hii nilipoolewa. Ni nani, sikuambiwa."

Hasira zikanipanda. Mimi nitoke jasho, mwenzangu anamwagilia uozo kama mchicha! Nikampokonya jagi.

"Akikosa kwangu, atatafuta kwingine," akasema.

Nikacheka. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau mwenyewe ndiye mimi. Nikakata uozo wote, hata hatua nzima ya mbao nzuri kuuzunguka ili usirudi, nikachoma mabaki uani, nikapaka dawa, nikapigilia mbao mpya, nikarudisha kitanda. Nikalala sebuleni nikijisifu.

Alfajiri mtoto akalia. Nilimkuta mdogo wangu amekaa kitandani, midomo imepasuka.

"Kaka, maziwa hayatoki. Jana yalikuwa yanamwagika."

Nikainua shuka.

Uzi mweupe ulikuwa umepanda mguu wa kitanda, umetoboa godoro, umeingia ubavuni mwake. Nikauvuta. Ukakatika, ukadondosha tone.

Maziwa.

Niliogopa, sifichi. Bibi alisimama mlangoni na jagi limejaa. Hakunisuta.

"Mimina wewe. Wewe ndiye uliyemkatia."

Nikamimina lote penye ufa. Gu... gu... gu... Uzi ukalegea, ukateremka. Mtoto akanyonya, nami nikalia mbele ya mama mkwe wa watu bila haya.

"Sasa ameujua mkono wako," bibi akasema. "Wangu hautaki tena."

Kuhama tulijaribu. Tulipofika barabarani tu, midomo ya mdogo wangu ikaanza kupasuka, tukarudi. Kwa hiyo kila magharibi, mwezi wa tatu sasa, naenda mimi, fundi nisiyevumilia uozo, kuunywesha.

Jana homa ilinilaza. Nilifika saa mbili usiku, nimechelewa. Mdogo wangu alinipokea mlangoni, mtoto mikononi.

"Safari hii mimi sina shida, kaka. Maziwa yapo," akanong'ona. "Ila huyu analia tangu magharibi. Hebu mshike shavu."

Nikamshika. Analia kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, uso umejikunja.

Shavu kavu. Hakuna hata chozi moja.