Mpenzi wa Mwisho wa Mtunzi

Upepo wa kituo cha treni cha Park Lane ulizipeperusha karatasi za Kalisti hadi miguuni pa Anastasie, Mkongomani aliyekuwa akitoka kazini ghalani, kizibao cha rangi ya machungwa juu ya gauni la kitenge. Aliziokota, akasoma mistari miwili kwa sauti. Abiria wakageuka kumsikiliza.

"Nani ameandika hivi?"

"Mhispania mmoja, miaka mia nne iliyopita. Alitunga tamthilia kwa mamia. Mimi nazitafsiri tu kwa Kiswahili."

"Huyo papa, mzee huyo, alijua wanawake. Na wewe?"

"Mimi bado nasoma, bibie."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, Anastasie alimsomea tafsiri hizo, naye Kalisti, mwalimu wa Kihispania kutoka Bukoba, akisahihisha. Alimsimulia pia maisha ya mtunzi: alivyofukuzwa mjini kwa kumkashifu mwigizaji aliyemwacha, alivyopata upadri asiache kupenda, na alivyomuuguza mpenzi wake wa mwisho, aliyepofuka na kurukwa na akili, mpaka mama huyo akafa.

Mwezi wa nane Anastasie akaanza kukataa kusoma. "Nimechoka, sheri, mpenzi wangu." Simu akawa hapokei. Kalisti akaamini amepata mwingine. Alipopewa kazi Houston, alihama bila kuaga.

Februari, Josiane, dada yake Anastasie, alimpigia.

"Shemeji, Anastasie haoni tena. Ni presha ya macho. Alikuficha."

Kalisti aliendesha gari kwa saa nne hadi Vickery Meadow, mtaani kwa Anastasie. Alifunguliwa na Josiane, akamkuta Anastasie kando ya dirisha, nywele zimesukwa upya, rangi ya mdomo imevuka ukingo. Akapiga magoti.

"Nitakuoa. Nitakutunza kama mtunzi alivyomtunza yule mama."

Anastasie alimgeuzia uso.

"Kumbe ni huyo mtunzi amekuleta."

"Mpenzi, sikumaanisha hivyo."

"Umeingia, haukuuliza kama ninaumwa. Ndiyo maana nilikuficha. Nilijua utanihurumia vizuri, kama kwenye kitabu."

Kalisti akainuka.

"Rudi Houston," Anastasie akasema kwa upole. "Josiane, mfungulie mulango."

Kalisti alipofika Corsicana, njiani kurudi Houston, alishindwa kuendelea. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, akapiga simu. Anastasie alipokea.

"Macho yanakuuma?"

"Yaliuma mwaka jana, Kalisti. Sasa hayaumi."

Anastasie akakata simu.